Kiingereza, Lugha ya Tatu: Mtoto wa Mara Aanze Lini?

Kwa mtoto anayekulia kijijini Butiama, Kiingereza si lugha ya pili. Ni ya tatu. Nyumbani amezungukwa na Kizanaki. Kiswahili anakiokota gulioni, kanisani na redioni, kisha anakutana nacho rasmi siku anapokalishwa kwenye dawati. Upande wa Majita wenzake wanazungumza Kijita, karibu na Nyegina ni Kikwaya, Bunda vijijini kuna Kiikizu, Kijita na Kisukuma, na huko Rorya kuna Kijaluo, ambacho hata ukoo wa lugha za Kibantu hakimo. Mjini mambo ni mengine. Katika mitaa ya Musoma na Bunda watoto hugombana, hubembelezana na kuhesabiana magoli kwa Kiswahili, na wengi wao lugha ya bibi hawaijui zaidi ya salamu. Swali la lini mtoto aanze kufundishwa lugha ya kigeni shuleni lina majibu zaidi ya moja hata ndani ya mkoa huu mmoja wa Mara. Mtaala, hata hivyo, ni mmoja kwa nchi nzima, na lazima uchore mstari mahali fulani.

Tanzania imeuhamisha mstari huo mara kadhaa. Kuanzia 1967, mwaka wa Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili ndicho kilichofundishia masomo yote katika shule za msingi za serikali, na Kiingereza kikabaki somo. Kwa muda mrefu kilianzia darasa la tatu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ikakishusha hadi la kwanza. Mwaka 2015 kikarudishwa la tatu, kwa sababu watoto wengi walikuwa wakipanda madarasa bila kujua kusoma hata Kiswahili, na ikaonekana miaka miwili ya mwanzo iachiwe KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umekishusha tena hadi la kwanza. Kila safari hoja zilikuwa nzito, na kila safari mwalimu aliyekuwa mbele ya darasa alikuwa yuleyule.

Mzazi anayetaka mtoto aanze mapema ana methali mkononi: samaki mkunje angali mbichi. Musoma, ambako samaki hushushwa Mwigobero asubuhi na kukutwa wameshakauka juani jioni, methali hiyo haihitaji maelezo. Na ina ukweli wake, ila ukweli huo una mipaka. Kinachokunjika kwa urahisi utotoni ni ulimi na sikio. Mtoto mdogo akisikia sauti ngeni kutoka kwa mtu anayezitamka sawasawa, huzinasa bila kujua kwamba amejifunza kitu. Watu wa Mara wana ushahidi wao. Kikurya hakitenganishi r na l, kwa hiyo watu wazima waliokipata Kiswahili baadaye wanaweza kusema wanakwenda "kura" ilhali wanakwenda kula, na majirani hawaachi kuwatania. Watoto wao waliokulia mjini, wakicheza na watoto wa makabila mengine, kwa kawaida hawana kasoro hiyo. Hakuna aliyewafundisha.

Sarufi, msamiati, kusoma na kuandika havifuati kanuni hiyo. Mwaka 1978 watafiti Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wenye lugha ya Kiingereza waliohamia Uholanzi, wadogo kwa wakubwa. Katika miezi ya mwanzo waliosonga haraka kuliko wote walikuwa wenye miaka 12 hadi 15. Watoto wa miaka mitatu hadi mitano ndio waliokuwa nyuma, ingawa kadiri muda ulivyokwenda nao walipunguza pengo. Sababu haina siri. Mtoto wa miaka 12 anajua tayari sentensi ni nini, anajua kusoma, anaweza kuambiwa kanuni akaitumia kesho yake, na akisahau neno anaweza kulitafuta kwenye daftari. Wa miaka mitano hana hata kimoja kati ya hivyo. Silaha yake ni masikio na muda.

Muda ndio unaosahauliwa. Utafiti mkubwa uliotolewa 2018 na Joshua Hartshorne na wenzake, kwa majibu ya watu wapatao 670,000 waliofanya jaribio kwenye intaneti, ulionyesha kwamba uwezo wa kujifunza sarufi ya lugha mpya hubaki imara hadi karibu miaka 17, lakini anayetaka kufikia kiwango cha mzawa inafaa awe ameanza kabla ya miaka 10 hivi, kwa kuwa safari yenyewe ni ndefu. Wengi husoma nusu ya mwisho ya habari hiyo, wakakimbilia kuhitimisha kwamba somo la darasa la kwanza ni lazima. Lakini mtoto aliyehamia London au Chicago ametupwa ziwani na nguo zake zote: shule, barabara, televisheni, marafiki, ugomvi, vyote ni kwa lugha hiyo. Mtoto wa Bunda anachotewa kwa kikombe, akanywa, kisha kengele ikalia.

Kikombe hicho kinapimika. Ikichukuliwa kwamba darasa la kwanza linapewa vipindi vitano vya nusu saa kwa wiki, na mwaka wa masomo una siku 194, basi kwa mwaka mzima mtoto anakaa na Kiingereza kwa saa zisizofika 100. Hapo hakuna mwalimu aliyeugua, hakuna kipindi kilicholiwa na mkutano wa wazazi, wala mvua iliyonyesha juu ya bati hadi watu wasisikilizane. Mtoto mchanga anayekaa macho saa kumi kwa siku huzipata saa hizo za lugha ya mama yake ndani ya siku kumi. Miaka sita ya shule ya msingi chini ya mtaala mpya, kwa hesabu hiyohiyo, ni sawa na miezi miwili ya kitoto hicho mgongoni mwa mama. Na darasa likiwa na watoto 80, kipindi cha nusu saa kikigawanywa sawasawa na mwalimu asiseme hata neno, kila mtoto ana sekunde 22 za kufungua mdomo.

Kwa sababu hiyo majaribio yaliyofanywa katika madarasa ya kawaida yametoa majibu yaliyowashangaza waliotarajia methali ya samaki ithibitike. Uingereza ilianzisha Kifaransa kwa watoto wa miaka minane katika miaka ya 1960, ikawalinganisha na walioanza wakiwa na miaka 11. Ripoti ya Clare Burstall ya 1974 ilionyesha kwamba walipofika miaka 16, walioanza mapema walikuwa wamebaki na nafuu katika kusikiliza tu. Huko Barcelona, mradi ulioongozwa na Carmen Muñoz uliwapima watoto walioanza Kiingereza wakiwa na miaka minane na walioanza na miaka 11 baada ya kufundishwa saa zilezile: 200, kisha 416, kisha 726. Wakubwa waliongoza katika vipimo vingi. Saa 726 ni nyingi kuliko zile mtoto wa shule ya msingi anazozipata kwa hesabu ya hapo juu.

Kuna mfano wa karibu zaidi ambao watunga sera huuruka. Mtoto wa Kiislamu mjini Musoma, kama mwenzake wa Tanga au Unguja, huanza chuo akiwa na miaka minne au mitano. Anashika alifu, be, te, anaingia kwenye kijuzuu, na ndani ya miaka michache anasoma Kurani kwa herufi za Kiarabu, matamshi yamenyooka, sura ndefu ziko kichwani. Hayo ndiyo matunda halisi ya kuanza mapema: ulimi na kumbukumbu. Maana ya anachokisoma huja baadaye, kwa mafundisho mengine, na mwalimu wa madrasa hajidanganyi kwamba mtoto anayesoma vizuri amekwisha kuweza kununua sukari kwa Kiarabu. Chuo kimepanga kwanza matamshi, maana baadaye. Shule inayofundisha Kiingereza mara nyingi haijapanga, ndipo hupatikana darasa linalosimama kwa pamoja saa nane mchana na kuimba "Gud moning, ticha!", kisha mgeni akiuliza jina, mtoto anajibu kwamba yu mzima, ahsante.

Herufi ndizo zinazoleta tatizo kubwa kwa anayeanza mapema mno. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa: irabu tano, kila moja na sauti yake, leo na kesho. Mtoto wa darasa la kwanza anapofundishwa silabi, ba be bi bo bu, anapewa ufunguo unaofungua kila mlango, na siku akiushika husoma kila kitu hadi maandishi ya nyuma ya basi. Kisha ubaoni yanaandikwa maneno manne ya Kiingereza: "wake", "pale", "mate", "same". Mtoto anayasoma bila kusita. Wake ni kitu cha mtu fulani, pale ni mahali, mate yamo mdomoni, Same ni mji ulioko Kilimanjaro. Amesoma sawasawa kabisa, na ameambiwa amekosea. Mtoto ambaye kusoma kwa Kiswahili kumeshakomaa atacheka na kukubali kwamba lugha ile ina ukorofi wake. Ambaye bado anababaisha silabi anaweza kuanza kushuku ufunguo wenyewe, na huyo anaharibikiwa katika lugha zote mbili.

Hoja ya 2015 ilisimama hapo, na haijapoteza nguvu. Lakini haikatazi Kiingereza cha kusikia na kusema. Nyimbo, michezo ya kuamrishana kusimama na kukaa, majina ya vitu vilivyomo darasani, hadithi fupi inayosomwa na mwalimu huku watoto wakitazama picha: hayo hayagombani na silabi, kwa kuwa hayagusi herufi. Darasa la kwanza na la pili linaweza kuwa la masikio na mdomo, na kitabu cha Kiingereza kikasubiri hadi mtoto asome ukurasa wa Kiswahili na kusimulia alichosoma. Kwa wengi hiyo ni darasa la tatu. Kwa baadhi ya watoto wa vijijini, ambao Kiswahili chenyewe bado ni kigeni kwao, ni la nne. Tathmini za Uwezo, zinazofanywa kwa kuwapima watoto majumbani kwao, zimekuwa zikikuta usomaji wa Kiingereza ukiburuza mkia nyuma sana ya ule wa Kiswahili. Pengo hilo halizibwi kwa kusogeza kitabu kwa mtoto mdogo zaidi.

Kuianza lugha kama somo ni jambo moja. Kuifanya lugha ya kufundishia masomo mengine ni jambo jingine kabisa, na mjadala wa mitaani huyachanganya haya mawili kila siku. Jim Cummins, aliyechunguza watoto wahamiaji nchini Kanada, alionyesha kwamba mtoto huweza kuzungumza na wenzake kwa lugha mpya baada ya miaka miwili hivi, lakini lugha ya vitabu, ya kueleza sababu na kulinganisha mawazo, humchukua miaka mitano hadi saba. Huyo ni mtoto aliyezama ziwani, si wa kikombe. Huko Ife, Nigeria, mradi ulioanza 1970 chini ya Babs Fafunwa ulifundisha masomo yote kwa Kiyoruba miaka sita mizima, na Kiingereza kikawa somo tu, ila somo lenye mwalimu wake maalumu aliyekijua. Watoto hao walifanya vizuri kwenye masomo, na Kiingereza chao hakikuwa nyuma ya cha wenzao waliobadilishiwa lugha mapema. Mradi huo hutajwa sana kwa sababu ya Kiyoruba. Kinachosahauliwa ni yule mwalimu maalumu.

Nchi za jirani zimechagua njia mbalimbali. Kenya na Uganda zinatambua lugha za nyumbani katika miaka mitatu ya mwanzo, angalau kwenye karatasi, kisha Kiingereza kinashika usukani. Rwanda ilihamia Kiingereza kuanzia 2008. Zanzibar ilipitisha sera mwaka 2006 ya kufundisha hisabati na sayansi kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Tanzania Bara imebaki na ukuta wake kidato cha kwanza. Mtoto aliyekuwa akieleza usanisinuru kwa maneno yake mwenyewe darasani Butiama anavuka Januari moja tu, na mmea uleule, jua lilelile na majani yaleyale yanamgeukia kuwa fasili ya mistari miwili ya kukariri. Mwalimu anaeleza kwa Kiswahili ili aeleweke, anaandika ubaoni kwa Kiingereza ili mtihani upite, na daftari linajaa. Tume ya elimu ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee hadi sekondari; pendekezo hilo halikutekelezwa. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake wamelirudia kwa miaka mingi, wakionyesha kwamba wanafunzi wanaofundishwa kwa lugha wanayoielewa hujifunza zaidi.

Ni ukuta huo, kuliko elimu yoyote ya ubongo, unaowasukuma wazazi wa Mara kuuliza mtoto aanze lini. Wenye uwezo huamua mapema: alfajiri mabasi ya njano hupita mitaa ya Musoma na Bunda kuwazoa watoto wa shule za mchepuo wa Kiingereza, "inglishi midiamu" kwa lugha ya mtaani. Wanaobaki "Kayumba", yaani shule za serikali, hungoja mtihani wa darasa la saba uishe Septemba, kisha wenye visenti huwapeleka watoto "pre-form one", masomo ya miezi michache ya kuwaandaa kwa Kiingereza kabla ya Januari. Masomo hayo hudharauliwa na wataalamu, na mengi yanastahili dharau. Hata hivyo yana jambo moja ambalo darasa la kwanza halina: saa nyingi kwa siku, mfululizo, kwa mtoto wa miaka 13 anayejua kusoma na anayejua kwa nini anakaa pale. Mwalimu mzuri akipatikana, miezi mitatu ya namna hiyo inaweza kumpa mtoto saa nyingi kuliko alizozipata kwa miaka miwili ya vipindi vya nusu saa.

Shule ya mchepuo wa Kiingereza nayo haimalizi swali. Ikiwa walimu wake wanakizungumza vizuri na maktaba ina vitabu vya hadithi vinavyoazimwa, mtoto wa mjini ambaye Kiswahili amekishiba nyumbani ataogelea. Ikiwa Kiingereza chake kinaishia kwenye kibao cha getini kinachoamuru watu wazungumze Kiingereza, na adhabu kwa anayesahau, mtoto hujifunza kunyamaza. Anayeomba ruhusa ya kwenda chooni kwa lugha asiyoijua huenda akaamua kuvumilia. Mzazi anayetaka kujua shule ni ya aina gani asisome kibao. Asimame karibu na uwanja wakati wa mapumziko asikie walimu wanapiga soga kwa lugha gani wao kwa wao.

Kwa habari ya kuanza ukiwa umechelewa, mkoa una ushahidi unaofahamika kuliko wote. Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Nyerere Burito, alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922 na hakuingia darasani hadi 1934, akiwa na miaka 12. Alitoka kwenye Kizanaki akaenda Mwisenge, Musoma, mwendo wa kilomita zipatazo 40, na huko ndiko Kiswahili kilikomkalia sawasawa, Kiingereza kikafuata. Mwaka 1937 alikuwa Tabora, shule iliyofundisha kwa Kiingereza. Alipita Makerere, akaenda Edinburgh mwaka 1949 na kurudi na shahada mwaka 1952. Mwaka 1963 tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar ilichapishwa, na 1969 ikafuata Mabepari wa Venisi. Mtu aliyeanza lugha zote mbili katika umri ambao leo mtoto anakaribia kumaliza shule ya msingi aliweza kumhamisha Shakespeare kutoka moja kwenda nyingine.

Mfano huo haupaswi kubebeshwa zaidi ya unachoweza. Nyerere alikuwa mtu wa kipekee, na shule za enzi zile zilikuwa chujio kali lililopitisha wachache mno. Maelfu waliobaki upande wa pili wa chujio hawakuandikwa vitabuni. Alikaa bweni, ambako lugha mpya humwandama mwanafunzi hadi kitandani. Inachothibitisha historia yake ni jambo dogo lakini gumu kulipinga: mlango haufungwi mtoto anapotimiza miaka saba, wala kumi. Yeye mwenyewe hakukidharau Kiingereza. Aliwahi kukiita Kiswahili cha dunia, na sera ya lugha ya sekondari ikabaki ilivyokuwa hadi anang'atuka mwaka 1985.

Makoko, pembeni mwa mji wa Musoma, kuna ushahidi mwingine usiosemwa sana. Wamisionari wa Maryknoll kutoka Marekani, waliofika eneo hilo miaka ya 1940, walifungua hapo shule ya kufundisha Kiswahili kwa wageni. Wanafunzi ni watu wazima, mapadri, masista na watumishi wa kujitolea, wengine mvi zimeshaanza. Madarasa ni ya watu wachache, kazi ni mazungumzo kila siku, na nje ya geti kuna mji mzima wa Kiswahili wa kufanyia mazoezi. Baada ya miezi kadhaa wanaweza kuzungumza na waumini wao vijijini. Lafudhi inabaki ya Marekani hadi kaburini, na muuza nyanya huitambua kabla hawajamaliza kusema shikamoo. Lakini wanaelewa na wanaeleweka. Kilichokosekana kwa upande wa umri kimefidiwa na saa, mwalimu na sababu.

Lugha nyingine za kigeni zinaweza kusubiri bila hasara. Mtaala unaruhusu Kifaransa, Kiarabu na Kichina kama masomo ya kuchagua, na penye mwalimu si vibaya. Kwa anayetarajia kuongoza watalii wanaoingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma, Kijerumani au Kihispania ni mali, ila ni mali ya kuitafuta ukubwani, baada ya kidato cha nne, kwa kozi yenye saa za kutosha. Kumpachika mtoto wa miaka minane lugha ya nne ili aje kupata kazi akiwa na 25 ni kumnunulia viatu vya harusi.

Hofu moja inayotajwa na wazazi inafaa kuondolewa haraka: lugha nyingi hazimchanganyi mtoto akili. Watoto wa Mara wamekuwa wakibeba mbili na tatu kwa vizazi. Kinachomwumiza mtoto ni kuachishwa moja kabla haijamfaa, na mzazi anayeacha Kizanaki au Kijita nyumbani ili ampe mtoto Kiingereza chake cha kuombea maji anampunguzia, hamwongezei.

Kwa hiyo mtoto wa Musoma au Bunda mjini, ambaye Kiswahili ni chake, anaweza kuanza Kiingereza cha mdomo akiwa na miaka sita, na cha kitabu mara tu akisoma Kiswahili kwa kuelewa. Wa kijijini Butiama au Majita ana haki ya kupewa kwanza miaka miwili au mitatu ya kukisimamisha Kiswahili, huku akiimba Kiingereza ikiwa yupo wa kumwimbisha. Asipokuwepo mwalimu anayekijua, kuchelewa hadi la tatu au la nne ni bora kuliko kuanza na makosa ambayo mwalimu wa sekondari atatumia mwaka mzima kuyang'oa. Halmashauri yenye walimu wachache wazuri wa Kiingereza ingefanya busara kuwapeleka madarasa ya tano na sita, ambako saa zao zina faida kubwa, kuliko kuwatawanya kila darasa kipindi kimoja kimoja.

Mtaala wa 2024 umefupisha pia elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, na hapo hesabu inageuka. Chini ya mtaala uliopita mtoto alisoma Kiingereza miaka mitano, kuanzia la tatu hadi la saba. Aliyeanza darasa la kwanza 2024 atakisoma miaka sita. Kelele zote za kuanza mapema zimemwongezea mmoja. Wapo pia waliobanwa katikati, waliokuwa darasa la tatu mwaka huo. La kwanza na la pili walipita bila somo hilo, la saba hawatalifikia, kwa hiyo watakuwa na miaka minne tu. Watamaliza 2027 pamoja na darasa la saba la mwisho, na Januari 2028 wataingia nao kidato cha kwanza, ambako masomo ni kwa Kiingereza.